Mjukuu Wangu Alipojifunza Kunibishia

Mjukuu wangu ananibishia. Naandika hivyo kwa kujisifu, wala msinionee huruma. Juzi nilinyoosha mkono nichukue chumvi, akauondoa mkebe mbele ya wageni, akasema, "Hapana, bibi." Wageni wakainamisha macho, wakaona aibu kwa niaba yangu. Mimi nilicheka mpaka kilemba kikanidondoka. Wangejua hilo "hapana" tulilitolea jasho kiasi gani, mimi na yeye, wangelipigia makofi.

Nilimlea mwenyewe hapa Kigongo tangu ana miaka minne, mama yake alipoolewa upya Geita. Mimi shule niliishia darasa la nne. Najua kusoma kidogo, kuandika polepole, kukausha dagaa na kulea, na katika kulea sikuwa na mchezo. Kwangu mtoto akiitwa anaitika, akitumwa anakwenda, akikaripiwa anatazama chini. Utani tuliruhusiana, maana bibi na mjukuu ni watani. Mimi namwita mke mwenzangu. Yeye hunijibu kwamba babu alimpenda yeye, mimi alivumilia tu kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshalipwa. Tunacheka. Lakini utani ni utani. Mtu mzima akisema jambo lake, mtoto hajibu, na swali la "kwa nini" halikuwa na kiti nyumbani kwangu. Hilo nililitwanga ndani yake kama ninavyotwanga udaga wa muhogo, mpaka likalainika.

Akawa mtoto mzuri. Kila mtu alisema. Akamaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha uuguzi, akapata cheti na leseni, akapangiwa zahanati ng'ambo ya pili ya ziwa, Busisi. Kila asubuhi nilikuwa namsindikiza kwa macho akishuka kwenda kwenye kivuko, sare yake nimeipiga pasi ya mkaa mwenyewe. Watu waliokuwa kwenye foleni ya kivuko walikuwa wakimpisha. "Nesi apite, nesi apite." Na mimi huku nimesimama kwenye chanja zangu za dagaa, shingo ndefu kama korongo, nataka kila anayepita aniulize huyo ni nani wako.

Alifanya kazi miaka minne. Daktari wa pale alimsifu kwamba ukimwambia fanya, anafanya, hana maneno. Nami nikaona malezi yangu yamelipa.

Halafu akaniambia anataka kurudi shule. Kwa cheti, alisema, kuna mambo anayaona kwa mgonjwa lakini hana ruhusa ya kuyaamua. Anataka apande, asome stashahada, na Mungu akipenda siku moja shahada. Akapata chuo mjini Mwanza. Na hapa mnisikilize vizuri, maana jambo lote liko hapa. Chuo kile huwa kinawapokea wenye cheti moja kwa moja mwaka wa pili, kwa kuwa yale ya mwaka wa kwanza wanayajua tayari. Lakini kinawatazama muhula mmoja. Ukifeli mtihani wa vitendo mwisho wa muhula, unarudishwa mwaka wa kwanza, unakaa na watoto waliotoka sekondari jana. Mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya masomo ya miaka miwili tu. Akirudishwa, miaka inakuwa mitatu, na nafasi yake Busisi inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo ilikuwa hivi: apite apande, au afeli apoteze na kile alichokuwa nacho.

Mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mtoto amezalisha wanawake kwenye taa ya simu, atashindwa na mtihani?

Jumamosi moja akaja nyumbani akaanza kuosha sufuria bila kusema kitu. Nikamrushia utani.

"Mke mwenzangu, babu amekukataa leo?"

Akasugua sufuria lile lile mpaka nikaona litatoboka.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Nimefeli jaribio."

"Jaribio gani?"

"La nusu muhula. Lile la kujiandaa na mtihani wenyewe. Kwenye kazi ya mikono nimepata alama zote. Kwenye maelezo nimepata sifuri."

"Maelezo ya nini? Mgonjwa anaponywa kwa maelezo?"

Alitazama chini, kama nilivyomfundisha.

Nikakaa nikawaza, na katika kuwaza kwangu nikapata jibu la kipumbavu. Nilijiambia: mtoto anajua kazi, mwalimu anamfelisha, basi mwalimu ana kinyongo. Na kinyongo kinatoka wapi? Tangu mtoto aanze chuo, hakuna mtu wa kwao aliyekwenda kumsalimia mwalimu wake. Kwetu mtu haendi mikono mitupu kwa anayemshughulikia mtoto wake. Mganga, fundi, padri, mwalimu, wote ni hivyo hivyo. Nikamshika kuku wangu, mtetea mwekundu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutaga, nikamfunga miguu, nikamweka kwenye kikapu, nikamfunika kanga. Mjukuu sikumwambia. Jumatatu nikashuka stendi ya Buzuruga, mjini Mwanza, na kikapu changu, nikauliza njia, nikafika.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, miwani puani, anakata maneno kama watu wa Mara. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye bibi yake yule wa Kigongo."

"Aa! Karibu, kaa. Umetoka mbali. Habari za huko?"

"Nzuri. Dagaa wanapatikana."

Kuku akalia.

Mwalimu akatazama kikapu, akanitazama mimi.

"Bibi, ndani ya kikapu kuna nini?"

"Ni salamu."

"Salamu inalia?"

"Ni salamu yenye afya."

Nikafunua kanga. Kuku akatoa kichwa, akamtazama mwalimu kwa jicho moja. Mwalimu akavua miwani.

"Bibi yangu. Mjukuu wako ana mtihani kwangu wiki tatu zijazo, na wewe unaniletea kuku. Unajua hii inaitwaje?"

"Heshima."

"Hapa inaitwa rushwa."

Damu ilinipanda kichwani. "Rushwa? Rushwa ni bahasha! Huyu ana manyoya!"

Aliziba mdomo kwa mkono, nikaona mabega yanatikisika. Lakini hakulegea. Alimwita karani wa ofisini, akamwambia aandike kwenye daftari kwamba bibi wa mwanafunzi fulani amefika na kuku na ameondoka na kuku. Karani akaandika, mwalimu akasaini, nami nikatakiwa kusaini. Jamani! Mara ya mwisho kusaini karatasi ya serikali ilikuwa ya msiba. Nilitia jina langu herufi moja moja. Nilidhani nimemfukuzisha mtoto chuo kwa kikapu.

Karani alipotoka, mwalimu akavuta kiti akakaa karibu nami. Sauti yake ikashuka.

"Bibi, mimi mjukuu wako simchukii. Mikono yake ni bora kuliko ya darasa zima. Ila nikimuuliza kwa nini umefanya hivi, ananyamaza. Nilimuuliza, daktari akikuagiza dawa na wewe unaona si sawa, utafanya nini? Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"'Nitatii, mwalimu.'"

Nilitaka kusema hilo ndilo jibu zuri.

"Kwa cheti anafanya anachoagizwa," mwalimu akaendelea. "Kwa stashahada atasimamia zamu, atakuwa na wenzake chini yake, na usiku mwingine atakuwa yeye tu na mgonjwa na daktari kwenye simu. Akinyamaza pale, mtu anakufa. Wengi wanaotoka kwenye cheti wanaanguka hapo hapo. Akili wanayo, mdomo ndio umefungwa. Sijui nani aliwafunga."

Nikamtazama kuku. Kuku akanitazama.

"Nitamwambia aliyemfunga," nikasema, nikainuka na kikapu changu.

Njiani kurudi nilikuwa nakumbuka mlenda. Mjukuu alikuwa na miaka tisa hivi. Nilipika mlenda wa wageni, nikatia magadi, nikatoka kumsalimia jirani, nikarudi nikatia magadi tena. Yeye alikuwa amekaa pale pale jikoni anachambua mboga. Aliniona. Tulikula kitu kichungu mpaka macho yakatoka maji, na mchana kutwa wageni walikuwa wanapishana kwenda chooni. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akajibu, "Ulisema nisikujibu ukiwa unafanya kazi." Siku ile nilicheka, nikawasimulia majirani, nikawaambia muone mtoto alivyo na adabu. Siku hii sikucheka. Niliona mlenda, halafu niliona dawa ya mgonjwa.

Jumamosi alipokuja nilimkalisha kwenye kigoda.

"Kuanzia leo unibishie."

"Nini, bibi?"

"Nibishie. Nitasema jambo la uongo, unikatalie, uniambie na sababu. Haya. Samaki wanaota kwenye miti."

Akatabasamu. "Bibi bwana."

"Huo si ubishi. Samaki wanaota kwenye miti!"

"Bibi, samahani, sina hakika kama…"

"Samahani ya nini? Nimekukanyaga? Tena!"

Ilikuwa kazi. Kwa utani alinishinda kila mara, mdomo wake ni wembe. Lakini nikikaza uso nikasema jambo kama mtu mzima, macho yake yalishuka yenyewe, kama mtu aliyezimwa kwa swichi. Mimi ndiye niliyeiweka swichi ile. Nikaamua kuwa mgonjwa. Nililala kwenye mkeka uani, kuku anazunguka karibu na kichwa changu, nikamwambia anihudumie, na kila alichofanya nikauliza kwa nini.

"Kwa nini unanigeuza?"

"Ili… ukilala upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri kwenye ngozi, utapata vidonda."

"Kwa nini unanawa tena, si umenawa sasa hivi?"

"Nimegusa kuku, bibi."

"Kwa nini mtoto mchanga mnamkausha kabla ya kumpa jina?"

"Akibaki na maji anapoteza joto, na hana nguvu ya kulirudisha."

Mengi sikuwa nayajua. Nimezaa watoto sita na hakuna aliyeniambia sababu ya jambo hata moja. Nikaanza kuuliza kwa kutaka kujua kweli, na yeye akaona kwamba nataka kujua kweli, na hapo ndipo ulimi wake ulipoanza kulegea. Maelezo alikuwa nayo yote. Yalikuwa yamejaa kichwani kama maji kwenye pipa, hayana bomba.

Jirani yangu mmoja, mama wa kubanika samaki, alipita akasikia. Akaja mpaka uani.

"Wee mama, unamharibu mtoto. Anakujibujibu, nawe umelala tu?"

"Simharibu. Naharibu kazi yangu ya zamani."

"Kesho atakutukana."

"Akinitukana kwa sababu zilizopangika vizuri, nitampa na sadaka."

Alikwenda zake akitikisa kichwa.

Lakini mchezo ni mchezo, wote wawili tulijua. Samaki wa kwenye miti hawaui mtu. Ilibaki wiki moja, na bado nikimkazia uso kweli kweli sauti yake ilikuwa inakatika katikati.

Basi ikawa hivi. Nina presha. Nimepewa vidonge, kimoja kila siku asubuhi. Ijumaa ile nilisahau, dagaa walikuwa wengi na mvua inanyemelea. Jumamosi asubuhi nikatoa viwili mkononi, cha jana na cha leo, kama ninavyofanya siku zote. Sikuwa nacheza. Wala sikujua kama mjukuu yuko nyuma yangu.

"Bibi, unameza vingapi?"

"Viwili. Jana nilisahau."

"Rudisha kimoja."

"Toka hapa. Nameza dawa hizi tangu hujui kuvaa sketi."

Nilisema kwa sauti ile ya zamani. Uso ule. Vidonge viko karibu na mdomo, kikombe cha maji kiko kando. Nikaona macho yake yanaanza kushuka, yakafika kwenye mkono wangu, yakasimama. Akanishika kifundo cha mkono. Mtoto hajawahi kunishika hivyo maisha yake yote.

"Hapana, bibi."

"Unasemaje?"

"Nimesema hapana. Ukimeza viwili presha itashuka kwa ghafla. Utapata kizunguzungu, utaanguka hapo kwenye mawe, uvunjike nyonga, na kwa umri wako utalala kitandani usiamke. Cha jana kimeshapita, hakilipwi. Meza cha leo, kimoja. Na kama ulikuwa unafanya hivi miaka yote, ndiyo maana ulianguka kisimani mwaka ule ukamsingizia mbuzi."

Mkono wangu mwingine ulishapanda hewani kumzaba. Naapa ulishapanda. Ukakaa huko juu haujui uende wapi. Na yeye hakuinamisha macho. Machozi yamejaa, lakini macho yananitazama sawasawa.

Nikapiga kigelegele.

Nilikipiga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, mpaka mama wa samaki akaja mbio na kijiko mkononi, na wengine nyuma yake, wakidhani imeletwa posa. "Nani anaolewa?" wakauliza. "Hakuna anayeolewa," nikawaambia, "mtoto kanikatalia!" Wakatazamana. Jirani yangu akasema bora nipelekwe zahanati mapema.

Kidonge cha pili nilikirudisha kwenye kopo. Kimoja nikameza.

Siku ya mtihani sikwenda. Nilikuwa nimeshasaini kwenye daftari lao, inatosha. Nilikaa kwenye chanja, nikageuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Aliyonisimulia ni haya. Kulikuwa na chumba kimeandaliwa kama wodi, na kitandani mama aliyetoka kujifungua, mtu wa kuigiza. Mjukuu wangu akapima presha, akasoma karatasi aliyowekewa: iko chini sana. Mwalimu yule mfupi akaingia amevaa koti jeupe, ndiye daktari siku hiyo. Akasema kwa haraka, "Huyu mama ana historia ya presha ya kupanda. Mpe dawa yake ya kushusha, sasa hivi."

"Hapana, daktari," mjukuu wangu akasema. "Sitampa."

"Mimi nimekuagiza."

"Nimesikia. Presha yake sasa iko chini, na mapigo ya moyo yanakimbia. Naogopa anavuja damu. Nikimpa dawa hiyo nitamshusha zaidi. Naomba upime mwenyewe, na mimi naangalia damu inayotoka sasa hivi."

Mwalimu akamkazia uso. Mjukuu anasema ulikuwa uso wangu kabisa, ila una miwani. "Unabishana na mimi?"

"Ndiyo, daktari. Nabishana kwa ajili yake."

Mwalimu akaandika, akatoka.

Matokeo yalipobandikwa alinipigia simu. Nilipokea nikasikia watu wanapiga kelele nyuma yake, na yeye anasema neno moja tu, "Nimebaki, bibi, nimebaki," na mimi nikajua ni mwaka wa pili amebaki, hakurudishwa. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Mama wa samaki akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni moshi wako.

Sasa ameshamaliza. Amerudi Busisi na stashahada yake, na ni yeye anayesimamia zamu. Daraja la Kigongo na Busisi limekamilika, hakuna foleni ya kivuko ya kumpisha nesi tena; anavuka kabla uji wangu haujapoa. Anazungumza habari za shahada. Mimi namwambia apande tu, miguu anayo.

Mwalimu alikuja kunitembelea mara moja, baada ya mahafali. Nilimkaangia mayai ya yule kuku mwekundu. Kuku tulimpa jina Rushwa, na Rushwa anataga kuliko wenzake wote. Mwalimu akaangalia sahani, akaniangalia.

"Sasa nakula," akasema. "Mjukuu wako si mwanafunzi wangu tena." Akala mawili, akaomba chai.

Na Jumapili baada ya ibada uani kwangu panajaa. Mjukuu wangu anawaleta manesi wa cheti wanaotaka kupanda kama alivyopanda yeye, wengine wametoka visiwa vya ziwani, wengine Sengerema. Anawafundisha kuandika mipango ya kumhudumia mgonjwa, anawaeleza fomu zipi, barua ipi ya mwajiri, nini kitaulizwa. Mimi nalala kwenye mkeka. Ni mgonjwa wa kudumu, cheo changu hakuna aliyenipokonya.

Jumapili iliyopita alikuja binti mmoja mgeni. Alinisalimia kwa kupiga magoti mpaka chini, akakaa ukingoni mwa mkeka, hakuinua macho. Nilimjua hapo hapo. Nilimlea mmoja wa hivyo. Wenzake walipomaliza, mjukuu wangu akamsukuma mbele. Nikatoa kopo langu la vidonge, nikamwaga viwili mkononi, nikakaza uso ule wa zamani, ule mbaya kabisa.

"Nesi, jana nilisahau. Nameza viwili."

Akatazama chini. Hata Rushwa aliacha kuparura. Nikapeleka mkono mdomoni taratibu, taratibu sana, nampa nafasi, na moyoni nasema sema, mwanangu, sema. Midomo yake ikachezacheza. Akainua kichwa.

"Hapana, bibi," akasema, kwa sauti ndogo kama ya kifaranga.

Nikaushusha mkono, nikajikalisha vizuri kwenye mkeka wangu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.